Msasa wa Maji

Mpaka wa Kenya ulipofungwa Februari 1977, watu wa Tanga hatukuhitaji kuelezwa maana yake. Mtu wa Songea alisikia redioni kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika, akaendelea na shughuli zake. Kwetu sisi Horohoro, pale mpakani, ilikuwa safari ya asubuhi kwa basi, na Mombasa ndiko vilikotoka vile vitu vidogovidogo ambavyo hakuna anayevitaja mpaka vikosekane: ndoano za namba kubwa, nailoni isiyokatika ovyo, waya wa kufungia chambo, nyembe, betri. Huko ndiko vilikotoka pia vipuri vya rodi za kuvulia. Vilipoadimika, mjomba wangu akaanza kuvitengeneza mwenyewe uani kwake Ngamiani, na mimi, niliyekuwa nimemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa kwenda sekondari, nikawekwa kwenye msasa. Habari za uvuvi wa pwani yetu zimeandikwa nyingi, za nyavu, za madema, za baruti iliyoua matumbawe. Za kazi ile sijaziona mahali, na tulioifanya tumebaki wachache.

Kwanza nieleze rodi zilifikaje mikononi mwa watu wetu, maana mvuvi wa Tanga kwa asili havui kwa rodi. Ana mshipi wake wa mkono, ana jarife na dema, na akirambaza huufunga mshipi nyuma ya ngalawa na kuusikilizia kwa kidole. Rodi ilikuwa kitu cha wazungu wa mashamba ya mkonge na wa klabu ya mashua pale Raskazone, pamoja na Wahindi na Wagoa wachache waliopenda bahari. Walikuwa wakiufuata Mkondo wa Pemba, ambako maji huzama ghafla mpaka mamia ya mita karibu kabisa na pwani. Kina hicho ndicho kilichowaleta samaki aina ya silikanti kwenye majarife ya wavuvi wetu kuanzia miaka ya 2000, na ndicho kinacholeta nguru, jodari na sulisuli wakati wa kaskazi. Ng'ambo tu ya mpaka, Shimoni, mwandishi Ernest Hemingway alipiga kambi ya uvuvi mwaka 1954, mwaka uleule aliopewa Tuzo ya Nobeli. Samaki aliowafuata hawakujua mpaka.

Mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa mwaka 1967, wazungu wengi walifunga mizigo, na rodi ni kitu kirefu, hakiingii kwenye sanduku. Nyingi waliziachia madereva, makarani, wapishi na manahodha wa mashua zao. Nyingine ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Ikawa katikati ya miaka ya sabini mji una rodi za faibaglasi za kutosha, mikononi mwa watu waliozitumia kutafuta kitoweo. Mwenye rodi ya namna hiyo hakuwa tajiri. Alikuwa karani wa bandari au mwalimu, anatoka Jumapili na ngalawa ya kukodi, akirudi na kolekole wawili nyumba nzima inakula na jirani anapelekewa.

Faibaglasi huishi. Kinachokufa mapema ni kikao cha rili, kile kifaa cha kuzungushia mshipi. Tazama rodi yoyote ya kurambazia: juu kidogo ya mshiko wa nyuma kuna bomba fupi, urefu wa shubiri au pungufu, lililovishwa kwenye fimbo yenyewe. Juu ya bomba hilo kumechongwa mfereji ambamo mguu wa rili hulala, na pete mbili za chuma huubana, moja imetulia mahali pake, nyingine ina nyuzi za skrubu. Nguvu yote ya samaki hupita hapo. Mshipi unavuta rili, rili inavuta kikao, kikao kinavuta fimbo na mikono ya mtu. Rodi za zamani zilikuwa na vikao vya aluminiamu iliyokunjwa au vya mbao vilivyopakwa vanishi. Chumvi iliingia chini ya aluminiamu ikakutana na skrubu ya shaba, na metali mbili za aina mbalimbali zikikutana ndani ya maji ya chumvi, moja huliwa. Ulikuwa unafungua kikao unakuta unga mweupe. Mbao nayo hufura kwa maji na kusinyaa kwa jua, mwisho mguu wa rili unacheza. Samaki mkubwa akipiga wakati rili inacheza, utaokota skrubu ndani ya ngalawa na rili hutaiona tena.

Plastiki haishiki kutu, na plastiki iliyochaguliwa vizuri haifuri. Hiyo ndiyo sababu mjomba aliikimbilia, ingawa yeye alikuwa mtu wa mbao.

Alifundishwa kukereza kwenye karakana ya reli. Reli ya Tanga ni ya kwanza kujengwa nchini, Wajerumani waliianza mwaka 1893, na karakana yake ililea mafundi wengi ambao baadaye ungewakuta mjini wakifanya kazi zisizohusiana kabisa na treni. Alipotoka huko alikereza miguu ya vitanda, michi, vishikio vya bakora vya mpingo. Leti yake, mashine ya kukerezea, aliiunda kwa mota kuukuu ya pampu ya maji na fremu ya mbao ya mvule. Umeme ukikatika, na miaka ile ulikatika sana, tulirudi kwenye kerezo la upinde, mmoja anavuta kamba, mwingine anashika patasi.

Plastiki yenyewe tuliiokota. Vibao vya matangazo vilivyovunjika vilikuwa mali kubwa, vile vya plastiki ngumu inayopitisha mwanga ambayo Waingereza waliiingiza sokoni miaka ya 1930 kwa jina la Perspex. Kulikuwa na taa za nyuma za malori, nyekundu na za rangi ya chungwa. Kulikuwa na vipini vya bisibisi za zamani, rangi ya kaharabu, na mabamba meusi ya swichi za bakelaiti, plastiki aliyoivumbua Leo Baekeland mwaka 1907 ambayo hata uiweke motoni haiyeyuki. Vipande vyembamba vya Perspex tulivibandika kimoja juu ya kingine kwa gundi ya Araldite mpaka upatikane mche mnene wa kukereza. Ukitia kipande chekundu cha taa ya lori katikati ya vyeupe, kikao kinatoka na mstari mwembamba mwekundu kama nyama ya papai lililoiva, na wateja waliugombania mstari huo.

Mjomba hakuanza kazi na kipande asichokijua. Alikata unyuzi mdogo, akaushika kwa koleo juu ya kibatari, akauzima na kupunga moshi kwa kiganja umfikie puani kwa mbali. Perspex hutoa harufu tamu, ya matunda. Bomba la PVC hutoa moshi mkali unaochoma pua, na ukiliondoa kwenye moto hujizima lenyewe. Kipini cha bisibisi hunuka siki. Nailoni hunuka nywele zilizoungua, na nailoni hakuipenda kwa kikao kwa sababu hunyonya maji kidogokidogo, kipimo cha asubuhi si cha jioni. Kipande cha ndoo hunuka mshumaa uliozimwa, huelea majini, gundi haikishiki na msasa hukitoa manyoya. Hicho kilirudi jalalani. Siku moja aliletewa kitana cha kizamani kizuri sana chenye madoa ya kasa, kikanuka kafuri. Alikizima haraka akamrudishia mwenyewe na kumwambia akiweke mbali na jiko. Ilikuwa seluloidi, na seluloidi huwaka kwa ghafla.

Kukereza kulikuwa kazi ya mjomba, na sitaieleza kwa urefu. Tundu la katikati ndilo lililomsumbua. Fimbo ya rodi hupungua unene kuelekea ncha, basi tundu nalo lilitakiwa lipungue hivyohivyo, na keekee hutoboa tundu la kipimo kimoja. Alilipanua kwa kijiti alichokizungushia msasa, akijaribu kwenye fimbo kila mara, mpaka kikao kiingie kwa kusukumwa na kidole gumba na kisimame. Penye nafasi iliyobaki alizungusha uzi wa katani wa kwetu Tanga, akaupaka gundi. Katani hunywa Araldite vizuri, na ikishakauka hutaitoa kwa nguvu za mkono.

Kabla ya kubandikwa kwenye fimbo, kikao kilikuja kwangu kikiwa na pete za patasi, kimepauka, hakionekani kitu. Kwanza nilikikwangua kwa kipande cha kioo kilichovunjika, makali yake yakiwa mapya, mpaka pete zikaisha. Halafu msasa wa maji, ule wa wapiga rangi wa magari: namba 240, 400, 600, na 1000 tukibahatika. Ulikuwa haupatikani madukani. Tulipewa vipande vilivyotumika na gereji za jirani, kwa kubadilishana na vishikio vya tupa. Kila namba ilikaa kwenye kopo lake la maji na haikuruhusiwa kugusana na nyingine, kwa sababu chembe moja ya 240 ikiingia kwenye kopo la 600 utapiga mstari mpya kila unapodhani unaondoa wa zamani.

Utaratibu ulikuwa huu. Ukisugua na 240 kwa kuzunguka, 400 unaisugua kwa urefu, 600 unarudi kuzunguka. Mistari ya namba mpya inakata ya namba iliyotangulia, kwa hiyo unaona wazi iliyobaki. Huhami mpaka yote imekwisha. Ukihama unaosha kikao, unaosha beseni, unaosha mikono mpaka chini ya kucha. Namba 1000 ilipokosekana tulijaribu majani ya mti wa msasa, ambayo wazee walisugulia mbao tangu zamani, na tukajaribu ngozi ya taa iliyokauka. Vyote viwili ni vizuri kwa mpingo. Kwenye Perspex viliacha mikwaruzo isiyolingana, hapa laini, hapa kali. Dawa tuliipata kwenye uchakavu: msasa wa 600 uliochoka kabisa hufanya kazi ya namba iliyo juu yake, mradi maji ni mengi na mkono hauukandamizi. Vile vipande vilivyolainika mpaka watu wa gereji wanavitupa, kwetu vilifungiwa kabatini.

Mwisho ni kitambaa. Kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi ndiyo bora, ile isiyo na nyuzi zinazosimama. Tulipaka Brasso, dawa ya kung'arishia shaba, ikiwapo, isipokuwapo dawa ya meno, isipokuwapo chaki iliyosagwa ikachujwa kwa kitambaa. Leti ilizungushwa polepole. Hapa ndipo wengi waliojaribu kutuiga walipoharibu, kwa sababu Perspex hulainika kwenye joto linalozidi kidogo tu lile la maji yanayochemka, na kitambaa kinachokwenda kasi hulifikia joto hilo mara moja. Uso unajikunja, unakuwa na mawimbi, na hapo hakuna dawa ila kurudi 240. Mimi niliacha kidole cha kati kikiwa kinagusa plastiki pembeni ya kitambaa. Kidole kikitaka kukimbia, kitambaa kinaondoka kwanza.

Wengi walidhani tunang'arisha kwa urembo, na sitakana kwamba wateja walipenda kuona uso wao ndani ya kikao. Lakini mjomba hakuwa mtu wa mapambo. Plastiki ngumu huvunjika kuanzia kwenye mkwaruzo. Anayekata vioo hukwaruza mstari mmoja, akabonyeza, kioo kikaachana palepale. Mkwaruzo ulioachwa ndani ya kikao unangoja nguru aje abonyeze. Mng'aro ulitupa njia ya kujua kwamba hakuna mstari uliobaki. Tena kwenye Perspex ulitufungulia macho ndani: Araldite ikiwa na kiputo cha hewa, au kibao cha tangazo kikiwa kilishapasuka kabla hatujakiokota, uso uliopauka unaficha na uso uliong'aa unaonyesha. Mjomba aliinua kikao juu, akatazama mawingu kupitia humo huku akikizungusha taratibu. Vilivyokataliwa hapo vilikuwa vingi, na vilikatwa tukapata vifungo.

Na ukaguzi wake haukuanza nje. Ulianza ndani ya mfereji, pale mguu wa rili unapolala, mahali ambapo mnunuzi hatapaona tena akishafunga rili. Leti haifiki humo. Unasugua kwa kijiti cha mwanzi ulichokichonga kwa umbo la mfereji, umekivika msasa, unakwenda na kurudi, na kona mbili za mwisho ndizo zinazokula muda wote. Alikuwa akinirudishia kikao bila maelezo marefu. "Mjomba, piga ukucha." Unapitisha ukucha polepole, na ukinasa popote hata kidogo, unarudi kwenye makopo yako.

Jambo moja kubwa hatukulijua wenyewe, tulifundishwa na mteja. Alikuwa mtu wa kutengeneza meno ya bandia. Alipoona Perspex juu ya leti alicheka kwa furaha, akasema hiyo ndiyo ufizi anaoufinyanga kila siku: plastiki ya namna ileile hutumika kwa meno ya bandia tangu mwisho wa miaka ya 1930, wanatia rangi ya waridi tu. Alituletea kopo la unga wa pamisi, jiwe la volkano lililosagwa, nao ukilowekwa maji huondoa mikwaruzo ya 600 upesi kuliko chaki. Kubwa zaidi, alitueleza kwamba plastiki iliyokerezwa hubaki na mkazo ndani yake, na mkazo huo hutoka baadaye kwa kupasua. Tangu siku ile kila kikao kililala kwenye sufuria ya maji ya moto yasiyochemka, juu ya mkaa unaoelekea kufa, kikapoa chenyewe mpaka asubuhi. Shangazi yangu, mke wa mjomba, alitoa sufuria moja kwa kazi hiyo na akapiga marufuku isirudi jikoni.

Yaliyompata dereva mmoja wa malori yalitusaidia kuelewa zaidi. Kikao chake kilikuwa kimejaa mafuta ya samaki, akakifuta kwa petroli mpaka kikang'aa. Kesho yake kulikuwa na vinyufa vyembamba visivyohesabika, vinaonekana tu ukikigeuza kwenye mwanga. Alikwenda nacho baharini hivyohivyo, jodari akapiga nje ya Kisiwa cha Ulenge, kikao kikaachana vipande viwili na rili ikabaki ikining'inia kwenye mshipi. Petroli, tina na spiriti huingia kwenye Perspex yenye mkazo na kuifungua. Mjomba alimtengenezea kingine bila malipo, na baada ya hapo hakuna aliyeondoka na rodi kabla hajaambiwa mbele ya mashahidi: maji matamu na sabuni, basi.

Wavuvi wenyewe, namaanisha watu wa Sahare na wa Kigombe wanaoishi kwa bahari, walituangalia kwa mbali. Nahodha mmoja mzee wa Sahare, aliyekuwa rafiki wa mjomba tangu utotoni, alikuwa akipita uani akiniona na makopo yangu anatikisa kichwa. Mshipi upo, mkono upo, ya nini kupoteza siku kwa kuparuza plastiki? Kaskazi moja mjomba alimwomba atupeleke kujaribu rodi iliyokuwa ya mtu mzito kidogo, ambayo hakutaka kuitoa bila kuiona ikifanya kazi. Tulirambaza tangu jua halijatoka. Nguru alipopiga, rili ililia na fimbo ikapinda mpaka karibu na maji, na mjomba hakutazama fimbo wala samaki. Alikuwa ameinama, macho kwenye kikao, mkono mmoja ameuweka chini ya rili kusikia kama inacheza. Samaki alipoingia chomboni, yeye aliomba bisibisi. Alifungua rili palepale, tukiwa tunayumba, akapitisha ukucha ndani ya mfereji. Mguu wa rili haukuwa umeacha alama.

Nahodha hakununua rodi, wala sidhani aliwahi kuitamani. Alichukua kikao mkononi, akakipapasa kwa muda, akauliza kama tunaweza kumtengenezea kitu laini namna ile kwa ajili ya ukingo wa mashua yake, pale mshipi unapopita ukivutwa. Mbao ya ukingo ilikuwa imechimbika mifereji, na mifereji ile ilikuwa ikimlia nailoni wakati ambapo roli moja la nailoni lilikuwa kama mali ya urithi. Tukamkerezea kigurudumu cha plastiki chenye bonde katikati, tukakisugua kwa hatua zote mpaka kitambaa. Ndani ya mwaka mmoja kazi yetu kubwa ikawa vigurudumu hivyo na vishikio vya kuzungushia mshipi. Naona hiyo ndiyo heshima kubwa kazi ile iliyopata: ilianzia kwenye vifaa vilivyoachwa na wenye mashamba, ikaishia kuokoa mshipi wa mtu anayelisha watoto kwa mkono wake.

Mwaka 1983 ukaja. Msako wa wahujumu uchumi, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, uliwakuta watu wa Tanga na hofu kubwa, maana mji wetu una bandari na una mpaka, na magendo ya Moa na Jasini yalijulikana. Watu walitupa vitu baharini, wengine walifukia. Kitu chochote cha nje kisicho na risiti kiliweza kumfikisha mtu pabaya. Mmoja wa wateja wetu, karani mstaafu, alikutwa na rodi ukumbini, na waliomkagua wakaona kikao kinachong'aa, chenye ule mstari mwekundu. Wakataka risiti ya forodha. Akasema kimetengenezwa Ngamiani. Wakamwambia asiwafanye watoto.

Wakaja naye mpaka uani. Mjomba aliwaamkia kwa "ndugu" kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, akawakalisha kwenye mkeka, akatoa mche wa Perspex iliyopauka na kuufunga kwenye leti. Hakujitetea hata kwa neno. Alikereza kidogo, akanipa nisugue, na kijana mdogo kati yao alipotaka kujua kinachofanyika ndani ya makopo, nikampa kitambaa asugue mwenyewe. Alisugua mpaka jasho likamtoka, na plastiki ilipoanza kuonyesha mwanga akamwita mwenzake aje aone. Waliridhika kuhusu kikao. Lakini rili ilikuwa Penn ya Marekani kwelikweli, na risiti yake ilikuwa imeondoka na mzungu aliyeiacha. Rodi ilichukuliwa yote. Karani alirudishiwa miezi mingi baadaye, bila rili, na hakuuliza. Kwa muda mrefu baada ya hapo wateja wengine walituomba vikao visivyong'aa, vya PVC ya kijivu. Mjomba alikubali kuacha hatua ya kitambaa tu. Makopo yote mpaka 600 yalibaki, na ukucha ulibaki.

Mpaka ulifunguliwa Novemba mwaka huohuo, na kuanzia 1984 serikali ikaanza kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Vipuri vya rodi vikarudi, kwanza kwa kificho cha mazoea, baadaye madukani. Mjomba alinunua kikao kimoja cha kiwandani kwa kutaka kukiona, akakikagua kama alivyokagua vya kwetu. Alikisifu umbo. Ndani ya mfereji alikuta mshono wa kalibu, ule mwinuko mwembamba unaobaki nusu mbili za kalibu zinapokutana, haujaguswa na msasa. Aliusugua, akakiuza kwa bei aliyonunulia. Kazi za vikao zilipungua kila mwaka, vigurudumu vya mishipi viliendelea mpaka macho yake yalipochoka, na mimi yule mtu wa meno ya bandia alishanichukua. Nimeifanya kazi ya meno mpaka kustaafu. Ulimi wa mgonjwa ni mkaguzi mkali kuliko ukucha, na mikono yangu ilishazoea wakaguzi.

Rodi za wakati ule bado zipo. Naziona Chumbageni, naziona Pangani, zimetundikwa ukutani na wajukuu wasiojua kikao kilitoka wapi, na wengine wameanza kuzitoa tena baharini. Kwa hao nina maneno machache. Msikifute kikao kwa petroli, tina wala spiriti. Legezeni pete kila mkirudi, osheni ndani ya mfereji kwa maji matamu, maana chumvi hukaa humo. Mkikitazama kwenye mwanga mkaona vinyufa vyembamba, msivulie samaki mkubwa. Kikao hicho kimekwisha. Msikipige nyundo kukitoa, faibaglasi itapasuka. Mwagieni maji ya moto taratibu, Araldite italegea na kikao kitazunguka chenyewe. Mkishakitoa nileteeni pamoja na fimbo, nipate kipimo cha tundu. Leti ya mjomba bado inazunguka, mkanda tu ndio nilioubadilisha, na msasa wa maji siku hizi unauzwa kila duka la rangi.